Pikipiki imekula mzinga, inawaka, lakini usiondoke nayo kwanza

Kila wiki naletewa pikipiki mbili tatu zilizoanguka na karibu wote wanaanza na maneno yaleyale, "fundi hii haina shida sana, inawaka, we ninyooshee tu usukani nikapige kazi". Nawaelewa, hesabu ya bosi haisubiri na kila saa pikipiki ikilala gereji ni hela imepotea. Ila kuwaka sio kipimo. Injini ya Boxer unaweza ukaitoa mtaroni imejaa tope ikawaka kiki ya tatu, injini ndo kitu kigumu kuliko vyote kwenye hiyo pikipiki. Vinavyoua mtu baada ya ajali ni vile visivyopiga kelele: shokapu ya mbele iliyopinda kidogo tu, rimu yenye ufa, waya wa resi uliobanwa chini ya tenki, ufa kwenye fremu mwembamba kama unywele. Unatembea navyo wiki nzima hujui, alafu siku umepakia abiria na mvua inanyesha ndo vinajionyesha.

Kwahiyo naandika hapa jinsi ninavyokagua, dalili na chanzo chake, ili hata kama fundi yuko mbali ujue kipi ufanye mwenyewe na kipi ukatae kufanyiwa. Mfano wangu ni Boxer 150 yenye breki za dramu mbele na nyuma, tairi ya mbele 2.75-17 na ya nyuma 3.00-17, kwasababu ndo zimejaa vijiweni, lakini TVS, Haojue, Sanlg, zote zinakaguliwa hivihivi.

Pale pale ulipoanguka

Mwili ukiwa bado wa moto husikii maumivu, kwahiyo jikague wewe kwanza kabla ya pikipiki, nimeona mtu ananyanyua pikipiki huku mkono umevunjika hajajua. Kama kuna mtu ameumia mambo ya fundi yanasubiri, trafiki aitwe, PF3 (ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) ichukuliwe, piga picha pikipiki ilipolala na usibadilishe kitu mpaka ikaguliwe. Wengi wetu tuna bima ndogo na hiyo hailipi pikipiki yako, ni kwa ajili ya uliyemgonga. Ila kama una bima kubwa, ukifungua hata bolti moja kabla hawajaiona unajitafutia ubishi usioisha.

Baada ya hapo zima swichi, funga koki ya mafuta, inyanyue. Ukisikia harufu kali ya petroli usiwashe, sogea, iache ipepee upepo. Kama betri ni ya maji na imemwagika, mwagia maji mengi pale ilipochuruzikia na usiguse kwa mkono mtupu, ile asidi inakula nguo, ngozi na rangi ya fremu.

Alafu iache imesimama wima dakika kumi hivi. Hili watu wanaliruka na ndo linaokoa injini. Pikipiki ikilala upande oili inatembea, nyingine inapita kwenye mpira wa kupumulia inaingia eya klina, nyingine inaweza kuingia juu ya pistoni, na petroli ya kabureta nayo inamwagika inakoenda. Ikishasimama angalia oili imebaki kiasi gani, kisha ukiwa umezima swichi shusha kiki kwa mkono taratibu. Ikishuka kawaida ni vizuri. Ikigoma usiilazimishe kwa mguu! Toa plagi kwanza alafu jaribu tena kwa mkono. Ikishuka na kutema oili au petroli pale kwenye tundu la plagi, basi ilikuwa imejaa juu ya pistoni na ungelazimisha au kubonyeza stata ungeweza kupinda konrodi, hasara ya injini nzima kwa haraka ya dakika moja. Ikigoma hata plagi ikiwa nje, tatizo liko kwingine, mara nyingi kava la pembeni limeingia ndani linagusa magneti, au kiki yenyewe imepinda inagonga pedeli.

Usukani umekaa upande, pikipiki inaenda mbele

Hii ndo dalili inayokuja nyingi kuliko zote na ndo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Sababu zake ziko nne na ukiangalia kwa juu zinafanana: bomba la usukani limepinda, au shokapu zimezunguka kwenye tii (ile plate ya chini na ya juu inayozishika), au shokapu zenyewe zimepinda, au tii ndo imepinda. Fundi wa haraka anabana tairi ya mbele katikati ya miguu, anavuta usukani kwa nguvu mpaka ukae sawa, anakwambia tayari. Kuna siku anapatia, kwasababu ile sababu ya pili, shokapu kuzunguka, ndo inatokea zaidi pikipiki ikianguka taratibu. Lakini siku ambayo shokapu imepinda amekufichia ugonjwa tu.

Namna ya kutofautisha ni hii. Simama pembeni ya pikipiki, mbali hatua tatu, chuchumaa, angalia shokapu mbili za mbele. Zinatakiwa zijifiche moja nyuma ya nyingine uone kama ni moja. Ukiona ya upande wa pili imechungulia chini au juu, kuna kitu hakiko sawa. Sasa legeza kidogo nati ya ekseli ya mbele, bolti za madigadi, bolti za tii ya chini na za juu, kidogo tu maana ukilegeza sana mbele yote itashuka. Bana tairi, rudisha usukani katikati. Kabla hujakaza, shika breki ya mbele ubonyeze mbele ishuke na kupanda mara nne tano ili shokapu zijipange zenyewe. Kaza ekseli kwanza, bonyeza tena, kaza tii ya chini, kisha ya juu, madigadi mwisho. Rudi pembeni uchuchumae uangalie tena. Zikijificha sawasawa na usukani uko katikati, ulikuwa mzunguko tu na umepona. Shokapu ziko sawa ila bomba tu ndo limekaa upande, basi ni bomba la usukani, nunua jingine, usinyooshe, chuma kilichopinda kikanyooshwa siku moja kinakatika mkononi ukiwa kwenye kona.

Zikiendelea kuchunguliana baada ya kufanya yote hayo, toa tairi, toa shokapu nje. Hamna njia ya mkato.

Kuna kijana aliniletea Boxer yake, aligonga nyuma ya daladala iliyofunga breki ghafla, usukani ulinyooshwa mahali pengine akapiga nayo kazi siku mbili. Alichonieleza ni kimoja tu, kona ya kulia inaingia yenyewe, ya kushoto inakataa, na mikono inamuuma ikifika jioni. Hapo kwa macho usukani umenyooka kabisa. Nikatoa bomba za shokapu nikazilaza juu ya kioo cha dirisha ninachokiweka gereji kwa kazi hiyo, nikawa nazizungusha taratibu na kidole. Ya kulia ilizunguka imelala kimya. Ya kushoto kila ikifika nusu mzunguko inanyanyuka, mwanga unapita chini yake, nikachukua sarafu ya mia nikaipitisha ikaingia bila kugusa. Nikamwita aone mwenyewe. Alikaa kimya muda mrefu, kwasababu siku hizo mbili alikuwa anapeleka watoto shule asubuhi.

Bomba likipinda huwa linapindia hapo hapo chini ya tii ya chini, kwahiyo pafute pawe pasafi upapapase kwa kucha, ukisikia mkunjo au kromu imepasuka nunua jipya. Mtu akikwambia analiweka moto wa gesi alinyooshe mkatalie, moto unalainisha chuma na kromu inabanduka, kisha inakata sili na oili ya shokapu inaanza kuvuja. Na badilisha sili zote mbili ukishafungua, sio ile iliyovuja peke yake.

Inavuta upande mmoja

Shokapu umeshazikagua ziko sawa na bado inavuta, au tairi ya nyuma inaonekana haifuati ya mbele. Hapa ndo natoa kamba ya waashi, ile ya nailoni. Simamisha pikipiki wima, usukani katikati, funga kamba nyuma ya tairi ya nyuma juu kadri inavyowezekana bila kugusa stendi wala eksozi, vuta ncha mbili mpaka mbele ya tairi ya mbele, moja kila upande, sogeza mpaka kila kamba iguse kingo zote mbili za tairi ya nyuma kwa upole. Tairi ya mbele ni nyembamba kuliko ya nyuma, tofauti yake kama milimita 6, kwahiyo kila upande pawe na nafasi ya kama milimita 3. Nafasi zikilingana, matairi yako kwenye mstari mmoja.

Zisipolingana anza na rahisi. Angalia alama za kukazia cheni kushoto na kulia, watu wanakaza upande mmoja wanasahau mwingine na hapo wanalaumu ajali. Panga alama, pima tena na kamba. Bado? Toa tairi ya nyuma ukague swingi amu (ile mikono ya chuma inayoshika tairi ya nyuma), shika ncha yake itikise kwenda pembeni, ikicheza ni bushi zimekwisha, isipocheza lakini imeegemea upande basi imepinda na inabadilishwa. Swingi amu nzuri ya mtumba ni bora kuliko yako iliyopigwa nyundo.

Yote hayo yakiwa sawa na kamba bado inakataa, unaelekea kwenye fremu, na hapo tukae kidogo.

Fremu

Ukigonga kitu kwa mbele, nguvu yote inapita kwenye tairi, shokapu, tii, alafu inafikia shingo ya fremu, pale stelingi (ule mhimili wa tii unaozunguka pamoja na usukani) inapopita. Kwahiyo kama shokapu zimepinda sana, fremu nayo ni mtuhumiwa mpaka ithibitike haina kosa. Dalili zake ziko wazi ukizitafuta: tairi ya mbele imesogelea injini na ukibonyeza shokapu madigadi inagusa eksozi, tenki halikai vizuri kwenye mipira yake kama mwanzo, bolti ya kushikilia injini inatoka kwa kugongwa na hairudi, rangi imekunjamana au imepasuka chini ya shingo.

Ukitaka kupima, nenda kijiweni tafuta pikipiki ya aina ileile na modeli ileile ambayo haijawahi kuanguka, chukua futi. Pima kutoka katikati ya ekseli ya mbele mpaka katikati ya ekseli ya nyuma, upande wa kushoto na upande wa kulia, usukani ukiwa katikati na cheni zimekazwa karibu sawa. Linganisha na yako. Kushoto na kulia zikitofautiana kuna kitu kimekaa mshazari. Zikilingana lakini yako ni fupi kwa sentimita nzima, mbele imerudi nyuma, na kama shokapu na tii ni nzima basi ni shingo.

Sasa ufa. Ufa hauonekani kwa kuangalia tu kwasababu rangi na vumbi na grisi vimeuziba. Sugua pale shingoni na kwenye maungio yote ya welding mpaka pawe pasafi, pakaushe. Paka mafuta ya taa kwa kitambaa, acha robo saa, futa kabisa pakauke. Kisha saga chaki ya shule, pakaza ule unga wake uwe mweupe wote, subiri. Kama kuna ufa, mafuta ya taa yaliyoingia ndani yanaanza kutoka taratibu na unaona mstari mwembamba wenye unyevu unajichora wenyewe kwenye chaki, kama mtu anaandika na kalamu usiyemwona. Mara ya kwanza nilivyoona nilitetemeka, maana ile pikipiki nilikuwa nimeshaipitisha kwa macho, ufa ulizunguka shingo karibu nusu nzima.

Je inachomelewa? Bomba la chini lililobonyea kidogo linaweza kunyooshwa na mtu mwenye jigi (kile kifaa cha kubana fremu isihame wakati wa kunyoosha) na uzoefu. Ufa wa shingo mimi sichomelei, na nimeshagombana na wateja wengi kwa hilo. Wanasema mbona fundi fulani anachomelea kwa elfu kadhaa na inatembea. Inatembea ndiyo, ila welding ikipashwa vibaya inaachia pembeni yake, na shingo ikiachia hamna cha kushika, usukani unabaki mkononi na tairi inaenda kivyake. Pia kumbuka namba ya chasisi mara nyingi imepigwa hapo hapo shingoni, ukikata na kuunga sehemu hiyo kesho trafiki akilinganisha na kadi utaonekana mwizi kwenye pikipiki yako mwenyewe. Fremu ikipasuka shingo, vua vipuri vizuri uuze, ongeza hela kwenye nyingine.

Inatikisika ukifika mwendo fulani

Rimu. Pandisha tairi juu, kreti ya soda chini ya injini inatosha, funga kipande cha waya kwenye shokapu ncha yake ikaribie kabisa ukingo wa rimu alafu zungusha. Rimu ikienda kushoto na kulia au juu na chini zaidi ya milimita 2 inatakiwa inyooshwe kwa kukaza na kulegeza spoku. Gonga spoku moja moja na spana ndogo usikilize, iliyokaza inalia ting, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Spoku ikikatika moja usikae nayo, zilizobaki zinabeba mzigo wake na zitafuatana kukatika. Rimu iliyokunjika kwenye ukingo ikapigwa nyundo ikakaa, sawa kwa rimu za chuma zenye spoku, lakini zile rimu zisizo na spoku, za kumimina, hazipigwi nyundo wala hazichomelewi, zikipasuka ni za kutupa.

Kama rimu iko sawa, tairi bado iko juu, shika shokapu zote mbili kule chini uvute mbele na nyuma. Ukisikia tok tok, gololi za stelingi zimelegea. Alafu zungusha usukani taratibu sana na kidole kimoja kutoka kushoto hadi kulia, ukisikia unakwama katikati kama una kimfereji, gololi zimegonga na kuacha mashimo kwenye vikombe vyake, na hiyo haitibiwi kwa grisi wala kwa kukaza, seti nzima inabadilishwa. Pikipiki yenye kimfereji hicho unaijua barabarani, haitaki kwenda mstari ulionyooka, unaiendesha kwa kuibembeleza.

Breki

Hapa kuna kitu kimoja nataka ukishike hata kama utasahau vingine vyote. Ukirudisha tairi ya mbele kwenye pikipiki ya dramu, lile kava la breki lina mfereji, na kwenye shokapu kuna kijino. Kijino lazima kiingie kwenye mfereji. Kisipoingia tairi itafungwa, ekseli itakaza, kila kitu kitaonekana sawa, utaondoka vizuri tu, na siku utakayoshika breki kwa nguvu kava zima litazunguka na tairi, litakata waya na kufunga tairi ya mbele palepale, wewe unaruka juu ya usukani. Baada ya ajali tairi ya mbele inatolewa na kurudishwa mara nyingi, mara nyingine na msaidizi aliyeanza kazi juzi. Chuchumaa uangalie kwa macho yako, weka kidole hapo usikie, usikubali kuambiwa.

Mengine ni mepesi. Breki inashika yenyewe na dramu ya nyuma inapata moto ukitembea kidogo tu: fito ya breki imepinda au pedeli ya breki imeingia ndani inagusa kava la injini. Breki ya mbele imekuwa ngumu kuvuta: waya umekunjwa, badilisha, usipake oili ukadhani umetibu. Mwenye diski mbele, mkono wa breki ukiwa laini kama sponji baada ya pikipiki kulala matairi juu basi hewa imeingia, toa hewa. Ukisikia breki inapiga piga mkononi ukishika, diski imepinda.

Haiwaki, au inawaka na kuleta mambo

Haiwaki na inanuka petroli: imejaa mafuta. Usivute choki. Fungua resi mpaka mwisho, piga kiki kama tano sita, au toa plagi uikaushe. Plagi kavu na haina moto, angalia kofia ya plagi kwanza kama haijachomoka, alafu nyaya zinazopita shingoni kwenda kwenye swichi, ajali ya mbele inapenda kuzikata hapo. Fyuzi inayokatika kila ukikata kona ni waya umebanwa na stelingi, usiweke fyuzi kubwa zaidi na wala usifunge karatasi ya sigara, tafuta waya ulipochubuka, kuna pikipiki zimeungua barabarani kwa ajili hiyo.

Inawaka na moshi wa bluu mwingi: kama ililala, ni ile oili ya juu ya pistoni na kwenye eksozi inaungua, itaisha ndani ya dakika chache. Fungua eya klina, ukikuta imelowa oili isafishe au ubadilishe, maana kwa hiyo itaendelea kunywa mafuta na kukosa nguvu. Moshi usipoisha siku ya pili ni habari nyingine.

Resi inapanda yenyewe. Hii iheshimu. Washa, iache silensa (iungurume yenyewe bila kuvuta resi), alafu zungusha usukani mpaka mwisho kushoto kisha kulia. Mlio wa injini ukibadilika, waya wa resi umevutwa au umebanwa mahali, na utakuta ukikata kona kali pikipiki inaongeza mwendo wakati wewe unataka ipungue. Pitisha waya upya kwenye njia yake. Na zungusha resi uiachie, inatakiwa irudi yenyewe kwa kishindo kidogo, ikirudi kivivu mara nyingi ncha ya usukani iliyopiga chini imebana kile kishikio cha mpira.

Oili inavuja na hujui wapi: osha injini, kausha, paka poda ya mtoto, washa dakika tano, poda itakuonyesha chanzo. Mara nyingi ni sili ya shafti ya gia, kwasababu gia ikipiga chini inapinda shafti kidogo. Gia leva yenyewe ikipinda na kugusa kava utasikia gia zinaingia nusu au zinachomoka, ivute nje, ila usiivute ikiwa kwenye pikipiki, ifungue kwanza uinyooshe pembeni, ukiinyoosha pale pale unaweza kupinda shafti na hapo injini inafunguliwa.

Tenki

Kubonyea sio tatizo, kuvuja ndo tatizo, na tatizo kubwa zaidi ni tenki kupelekwa kwa mchomeleaji likiwa limemwagwa petroli tu. Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, mvuke uliobaki ndani ndo unaolipuka. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, lijazwe maji pabaki nafasi ndogo tu pale panapochomelewa, na lifanywe na mtu wa matenki. Kama hayupo, nunua tenki la mtumba.

Kuijaribu

Usijaribu na abiria na usijaribu kwenye barabara kubwa. Tafuta njia tulivu iliyonyooka, gia ya pili, mikono imeshika usukani kwa wepesi bila kuubana, usikie yenyewe inataka kwenda wapi. Shika breki ya nyuma, kisha ya mbele taratibu, kisha zote. Kona kushoto, kona kulia, mwendo mdogo. Ongeza kidogo kidogo mpaka hamsini. Ukirudi gusa dramu zote mbili kwa mgongo wa mkono, iliyo ya moto kuliko mwenzake inashika. Kagua tena nati za ekseli, bolti za tii, na chini ya injini kama kuna tone.

Kisha njoo tena baada ya siku mbili tatu za kazi, au fanya mwenyewe, kaza spoku, angalia gololi za stelingi, pima cheni, pitisha kidole chini ya shingo ya fremu. Na ile helmeti uliyoangukia nayo, hata kama imechubuka tu kwa nje, lile povu la ndani likishakandamizwa halirudi. Weka na hela ya helmeti mpya kwenye bajeti ya matengenezo, kabla ya hela ya stika na vioo.